Hapana ya Kwanza ya Mheshimiwa

4 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima, cherehani zinanguruma, na huku nyuma ya soko hakuna mazungumzo mengine ila kuapishwa kwako. Tuliangalia kwenye televisheni ya kinyozi. Aliacha kazi katikati, mteja wake akaangalia sherehe nzima nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, wala hakulalamika. Ulipoinua mkono kula kiapo nilipiga kelele mpaka mashine ikamponyoka kinyozi mkononi.

Ila joho lako limekaa vibaya. Pindo la kushoto liko chini kuliko la kulia. Nani alikushonea? Una dada fundi miaka yote hii, halafu unakwenda kuapa mbele ya taifa zima na pindo la mlevi. Lilete nilitengeneze.

Wateja wananiuliza, inakuwaje mtu awe diwani jana na leo jaji? Nawaambia alikuwa wakili kabla hamjamjua kwa udiwani, akawaomba kura mara tatu mkampa mara tatu, na sasa amerudi kwenye sheria yake, tena ngazi ya juu. Wanatikisa vichwa kama wameelewa. Halafu mmoja ananiambia, "Basi mwambie ile taa ya kona yetu imekufa." Hawajaelewa kitu. Kwao wewe bado ni Bwana Nimelipokea. Fundi viatu anakuigiza kila asubuhi: anakunja mikono kifuani, anainamisha kichwa, "Nimelipokea, mama, nimelipokea kwa mikono miwili." Watu hawana mbavu.

Nimesikia umebadilisha namba ya simu kwa sababu kata nzima walikuwa nayo. Umefanya vyema, na hiyo mpya usinipe. Wakijua ninayo wataikamua kwangu kama ndimu, na mimi siri zinanishinda, unanijua. Tuandikiane barua. Mwandiko wangu hautakushinda, ndio uliojifunzia kusoma.

Dada yako,
Fundi


19 Februari

Dada,

Barua yako imenichekesha peke yangu ofisini mpaka karani akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Karani wangu ni mama wa makamo, mwembamba, neno la ziada halimtoki. Huyo ndiye mwalimu wangu siku hizi.

Siku ya kwanza niliingia ukumbini, watu wakasimama, viti vyote vimejaa. Dada, mkono ulinyanyuka wenyewe. Niliwapungia. Nikapunga kulia, nikapunga kushoto, nusura nishuke nikawashike mikono waliokaa mbele. Tulipotoka karani akaniambia kwa upole, "Mheshimiwa, wale hawakuja kukuona wewe. Wale wana kesi." Nilitamani ardhi inimeze.

Siku iliyofuata wakili mmoja alimaliza hoja zake, akanitazama. Nikakunja mikono kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema, "Nimelipokea." Akauliza, "Mheshimiwa, maana yake ombi langu limekubaliwa?" Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kazi hii. Diwani anaweza kulipokea jambo miaka mitano na watu wakaendelea kumpenda. Jaji lazima aseme ndiyo au hapana, atoe na sababu, na mmoja kati ya wawili walio mbele yake arudi nyumbani amenuna. Mimi sijawahi kumnunisha mtu kwa makusudi maishani mwangu. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Chakula cha mchana nakula peke yangu mlango umefungwa. Nikikaa na mawakili, wa upande wa pili watanung'unika, na wenye kesi ndiyo kabisa siwasogelei. Mimi niliyezoea kula nimesimama, mkono mmoja sahani, mwingine unasalimia! Kijiko kikigonga sahani nasikia mwangwi.

Jambo moja, na hili nalisema kwa uzito. Usiniandikie habari za kesi ya mtu yeyote. Si kuomba msaada, si kunipasha habari tu. Niandikie ya nyumbani.

Mdogo wako


7 Machi

Mdogo wangu,

Uliniambia nisikuandikie kesi ya mtu. Hii si ya mtu, ni yetu.

Halmashauri wanataka kuvunja safu nzima ya mafundi hapa nyuma ya soko wajenge maegesho ya magari. Hakuna aliyetuita, hakuna aliyetuuliza. Alikuja mtu na ndoo ya gundi, akabandika notisi kwenye kila mlango, akaenda zake. Wametupa mpaka katikati ya mwaka tuwe tumeondoka.

Kibanda changu unakijua. Pale chini ya meza ya kukatia ndipo ulipofanyia kazi zako zote za shule, vipande vya vitambaa vinakudondokea kichwani na wewe huinui macho. Mama alipotutoka, pale ndipo tulipopata chakula chetu sote wawili. Nikiondolewa, kwa umri huu, sina pa kuanzia. Wateja wa fundi hawamfuati nyumbani kwake, wanakwenda walipozoea.

Basi tumejikusanya wote tukaenda kwa wakili. Binti mdogo wa umbo, lakini mdomo upo. Amefungua kesi na jina langu ndilo la kwanza. Sasa sikiliza. Jana karudi kutoka mahakamani uso umemsawajika, anatuambia faili limepangwa kwako. Kwako wewe! Tuliruka. Fundi viatu alimkumbatia kinyozi, na hao wawili hawajasalimiana tangu uchaguzi uliopita. Wakili anapiga kelele katikati yetu, "Jamani, tulieni, huyu atajitoa, sheria ndivyo inavyotaka!" Nani wa kumsikiliza? Tulikuwa tunaimba.

Usinijibu kitu. Siku ya kesi tutakuja sote, na kuna kitu tunakuandalia. Hutaamini macho yako.

Dada yako,
Fundi


20 Machi

Dada,

Barua yako imefika lakini sijaisoma. Nimeweka utaratibu mpya hapa nyumbani: barua yako inafunguliwa kwanza na mke wangu. Anaisoma, palipo na neno la kesi anapaka wino mweusi, ndipo ananipa. Hii ya mwisho ilinifikia ikiwa na "Mdogo wangu" juu na "Dada yako, Fundi" chini. Katikati giza tupu. Nikamuuliza, "Hata salamu hakuna?" Akasema, "Salamu hakuna."

Kuna mambo ambayo jaji huyasema ukumbini tu, mlango ukiwa wazi, pande zote mbili zikisikia kwa pamoja. Hata jambo likiwa fupi. Hata anayelingoja akiwa dada yake. Naomba uniamini katika hili kama ulivyoniamini katika mengine.

Habari nyingine ni kwamba najifunza kutosalimia. Jana nilikwenda mpaka duka la mkate nimefunga mdomo, naangalia mbele. Muuza mkate akaniuliza kama nimefiwa.

Nikija kwako, au wewe ukija mjini, tuonane nyumbani. Kazini usije, Dada.

Mdogo wako

Wifi, naongeza mimi: chupa ya wino inaelekea kwisha. Andika habari za hali ya hewa.


27 Machi

Mdogo wangu,

Hali ya hewa ni nzuri. Jua linawaka asubuhi, mchana kuna mawingu kidogo. Wifi, umefurahi?

Sasa hapa chini paka wino ukitaka, mimi nitakuwa nimeshasema. Mdogo wangu, tumekuelewa. Nimewasomea wenzangu ile sehemu ya "jambo fupi", na ya "uniamini", na ya "kazini usije", tukatazamana tukacheka. Ulipokuwa diwani, jambo ulilopania kweli ulikuwa hulisemi. Kuhusu ule mtaro wa maji machafu ulikaa kimya mwaka mzima, unasema "nimelipokea", mpaka siku tumeamka tukakuta mafundi wanachimba. Watu tunakujua. Ukinyamaza, kazi imeshaiva.

Wakili wetu anazidi kukonda. Nimemwambia ale.

Dada yako,
Fundi


11 Aprili

Mheshimiwa Jaji,

Wifi, weka wino chini. Kesi si yake tena.

Nakuandikia wewe uliyenifanya ukuta jana. Tulifika mapema tukajaza viti vya mbele. Tulivaa fulana za kampeni yako ya mwisho, zile zenye uso wako kifuani. Tulizitoa masandukuni, tukazipanua mbavuni kwa sababu miili imeongezeka, na pale palipoandikwa Diwani wa Watu tukafunika neno la kwanza kwa kiraka tukadarizi Jaji. Mchana kutwa nilidarizi hizo herufi. Mshono hauonekani hata ukiweka macho hapo. Ulipoingia tukasimama na kupiga makofi.

Ukakaa. Ukainamia karatasi zako. Ukasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani kwamba mdai wa kwanza ni dada yako, na kwamba hata asingekuwepo, kata hii uliiongoza wewe, kwa hiyo hutalisikiliza shauri hili, liende kwa jaji mwingine. Ukainuka. Ukaondoka. Dakika ngapi zile? Hata chai haiwezi kupoa.

Wakili wa halmashauri aliinamisha kichwa, mabega yanacheza kwa kicheko. Askari wa korti akatuamuru tuvue fulana au tutoke. Tulikwenda chooni tukazigeuza ndani nje, mafundi wazima, tukarudi kuchukua mikoba yetu nyuzi zinaning'inia.

Sasa faili liko kwa yule mama wanayemwita Chuma. Wakili wetu anasema hajawahi kuonekana akitabasamu, hata kwenye picha.

Nilipita nyumba kwa nyumba kukuombea kura. Niliwaombea hata watu ambao nilikuwa sisemi nao. Nililala na sauti imekauka ili wewe usimame jukwaani na sauti nzuri. Siku moja tu nimekuhitaji, moja, na hukunitazama usoni.

Mdai wa Kwanza


18 Aprili

Dada,

Shauri lile siwezi kulizungumza hata sasa, kwa sababu mwenzangu analisikiliza na mimi natembea naye korido moja. Kuna ninayoyajua kuhusu halmashauri ambayo yananiwasha ulimi, na lazima uendelee kuwasha.

Naweza kukuambia hili tu. Niliwaona. Nilifungua mlango nikakuta uso wangu umenikodolea macho kutoka viti vyote vya mbele, una nywele nyingi kuliko nilizonazo, na unaahidi. Nilikuwa naweza kucheka na naweza kulia, na vyote viwili haviruhusiwi pale juu. Ndiyo maana sikukuangalia. Ningekuangalia, sentensi ile isingetoka.

Ile darizi ni nzuri. Hilo si suala la kesi, nadhani.

Sitaandika tena mpaka liishe. Kama umenikasirikia, nikasirikie, una haki. Usiache kula.

Mdogo wako


2 Mei

Wifi yangu,

Mume wangu hajui kwamba nakuandikia, na akijua atasema nimeharibu. Kwa hiyo kesi siigusi. Nitakueleza ya nyumbani, mwenyewe alisema ndiyo yanayoruhusiwa.

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi na sijamsikia akimwambia binadamu hapana. Akija mchuuzi wa fagio mlangoni, tunanunua fagio. Stoo yetu imejaa fagio, wifi, tungeweza kufungua duka. Akipigiwa simu kimakosa, anaongea na huyo mtu mpaka wanaulizana habari za watoto. Kwenye udiwani hilo lilimbeba. Kwenye kazi hii mpya nilijua litamtesa, nikawa najiuliza tu siku ya kutesa itakuja lini.

Wiki ile kabla ya tarehe yenu alikuwa akifanya mazoezi bafuni. Namsikia kupitia mlango, maji yanamwagika, "Sitalisikiliza shauri hili." Anasimama. Anarudia kwa sauti nzito. Halafu kwa sauti ndogo, "Dada, sitalisikiliza." Kisha anajikemea kwamba neno Dada lisiwepo.

Siku yenyewe alirudi, akavua joho, akakaa jikoni akamenya viazi vyote vya wiki bila kuambiwa. Nilipomshika bega akasema, "Hapana yangu ya kwanza nimempa dada yangu." Basi, akaendelea kumenya. Angeweza kuianzia kwa muuza fagio, wifi, akaizoea taratibu. Haikuwa hivyo.

Mimi si mwanasheria, nafundisha watoto hesabu. Lakini fikiria kwamba angewapa mlichotaka. Yule wakili aliyecheka, unadhani angeendelea kucheka, au angesimama kesho yake akasema mmepewa na ndugu yenu? Mngekuwa na ushindi wa kuazima, wa kunyang'anywa wakati wowote.

Mkasirikie kidogo kidogo tu. Viazi vimeshatushinda.

Wifi yako


20 Mei

Wifi,

Barua yako niliisoma nimeshika mkasi, nikaikata suruali ya mteja mguu mmoja. Sasa namshonea kaptula na amekubali, kwa kuwa ni mpole kama mumeo.

Bado nina hasira, sitakudanganya. Lakini imepungua uzito. Nilikuwa nimejaa yale ya chooni na zile nyuzi, sikufikiria bafu lako. Nilipofika hapo penye "Dada, sitalisikiliza", nilifunga duka mapema.

Na kuna jipya. Usimpe, litie wino wote. Yule Chuma amekuja huku! Jaji mzima, viatu vya chini, akatembea safu yote kutoka kwa kinyozi mpaka kwangu. Wanasheria wanamfuata nyuma wameshika suruali zisiguse matope. Aliingia kila kibanda. Kwangu aliinama akachungulia mpaka chini ya meza, akauliza mvua ikinyesha nasimama wapi. Nikamwonyesha. Halafu akamgeukia bwana wa halmashauri, akamwuliza kama mtu anayeuliza saa, "Hawa mliwaita lini kuwasikiliza?" Yule bwana akafunua faili lake lote, hakukuta tarehe. Hakutabasamu huyo mama hata chembe, lakini nilitaka kumkumbatia.

Wiki ijayo napanda kizimbani kutoa ushahidi. Nimesimama kwenye majukwaa ya kampeni mbele ya uwanja mzima bila kutetemeka, kwa sababu nilikuwa namsemea yeye. Kujisemea mwenyewe sijawahi. Naogopa, wifi. Mtazame tu kwa ajili yangu, wala usimwambie.

Wifi yako,
Fundi


6 Septemba

Mdogo wangu,

Sasa unaruhusiwa. Soma kila neno, na mkeo mwambie akatulie sebuleni.

Tumeshinda. Chuma amefuta notisi yote. Amesema halmashauri haiwezi kumwondoa mtu mahali anapopatia riziki bila kumwita na kumsikiliza kwanza, na wakitaka maegesho yao waanze upya, safari hii na sisi tukiwa mezani. Muda wa kukata rufaa umepita jana bila wao kukata. Wakili wetu ndiye aliyeniambia ningoje mpaka jana ndipo nikuandikie, na nimengoja, mimi huyu ambaye siri zinanishinda. Leo asubuhi halmashauri wametuletea mwaliko wa kikao. Mwaliko, umesikia? Kinyozi ananyoa bure mpaka jioni na fundi viatu anadai alijua tangu mwanzo.

Lakini si hilo nililokaa kukuandikia.

Siku niliyopanda kizimbani, yule wakili wao, yule wa mabega, alinihoji mpaka jasho likanitoka. Nilimjibu yote. Nashona pale tangu lini, nani alinipa nafasi, nani anategemea kile kibanda. Nikaona anazunguka, anazunguka, kuna mahali anataka kufika. Mwisho akajisogeza karibu, akatabasamu kwa ukumbi wote, akauliza, "Shahidi, jaji aliyepewa shauri hili mwanzo, ni nani wako?"

Nikasema, "Mdogo wangu. Tumbo moja. Nimemlea mimi."

"Na ndiye aliyekuwa diwani wenu?"

"Ndiye. Na kura nilimtafutia mimi."

Akawageukia watu kama mtu aliyekwishafika. "Basi iambie mahakama, shahidi. Huyo mdogo wako uliyemlea, uliyemtafutia kura, akawa mkubwa namna hii. Amekusaidia nini katika shauri hili?"

Chuma aliacha kuandika akaninyooshea macho. Wenzangu kwenye viti wameshikana mikono. Na mimi niliyekuandikia maneno yale mwezi wa nne niliona mbele yangu kitu ambacho miezi yote ile sikukiona: kwamba kama ungefanya nilichokuomba, swali lile lingetumaliza sote. Ningesema nini? Ningesimama pale mbele ya watu nimeshikwa ulimi, na kibanda kimekwenda, na wewe umekwenda.

Nikamjibu, "Aliondoka."

Akasema, "Hicho tu?"

"Hicho tu. Na kilimuuma."

Akatafuta swali lingine, akafunua karatasi, akafunika. Akakaa. Na Chuma, mdogo wangu, niamini nakuapia, watu wote waliokuwepo watakuambia, Chuma alitabasamu.

Nilikukosea adabu kwenye barua ile na sitaki ujifanye umesahau. Njoo Jumapili na wifi. Utakaa kwenye benchi la wateja kama mtu mwingine yeyote na hakuna atakayekuomba kitu, nimeshawaonya. Nataka tu nikuangalie vizuri, na wewe uniangalie.

Dada yako